Leseni ya Udereva Si Rehani ya Deni

Ndugu wasomaji, dawa ya deni ni kulipa. Tumelelewa na usemi huu, na hakuna mwenye akili timamu anayeweza kuubishia. Aliyekopa hana budi kurudisha, na aliyemharibia mwenzake mali au mwili hana budi kumfidia. Jamii ambayo watu wake hawalipani ni jamii isiyoaminiana, na pasipo kuaminiana hakuna biashara wala ujirani. Kwa hiyo makala hii haikuandikwa kumtetea mtu anayekopa kwa tabasamu na kulipa kwa matusi. Wahenga walikwisha kumtaja mtu huyo waliposema kukopa harusi, kulipa matanga.

Swali tunalotaka kulitazama ni jingine. Je, ni haki serikali kumnyang'anya mtu leseni yake ya udereva kwa sababu tu anadaiwa na mtu mwingine na hajalipa? Hatuzungumzii dereva mlevi, wala yule anayekimbiza gari kana kwamba barabara ni ya baba yake. Hao leseni zao zichukuliwe, na zichukuliwe mapema. Tunazungumzia deni la mtu na mtu, ambalo serikali haimo ndani yake, lakini serikali inaingia kati na kumwambia mdaiwa: usipolipa, hutaendesha gari tena.

Huenda msomaji akasema kwamba jambo hili ni la Marekani na nchi nyingine za mbali, halituhusu. Ni kweli kwamba mifano yetu mikubwa inatoka huko, kwa kuwa huko ndiko sheria hizi zilikoota mizizi. Lakini kiini chake ni kile kile kinachotukabili katika kila mtaa wetu: mtu asiye na kitu abanwe kwa namna gani ili alipe? Na je, upo mpaka ambao mwenye kudai hapaswi kuuvuka, hata kama haki iko upande wake?

Jinsi sheria hizi zilivyoanza

Mwanzoni mwa karne ya 20 magari yaliongezeka kwa kasi nchini Marekani, na ajali zikaongezeka pamoja nayo. Watu wengi walioumizwa walishinda kesi zao mahakamani, lakini hukumu walizopewa zikabaki karatasi tupu, kwa kuwa waliowagonga hawakuwa na bima wala mali ya kukamatwa. Jimbo la Connecticut lilikuwa miongoni mwa ya mwanzo kabisa, mwaka 1925, kutunga sheria ya kuwataka madereva waonyeshe kwamba wana uwezo wa kulipia madhara wanayosababisha. Majimbo mengine yakafuata.

Kwa ufupi, sheria hizo husema hivi: mahakama ikimwamuru dereva amlipe mtu aliyeumizwa katika ajali, naye asilipe katika muda uliowekwa, jimbo litasimamisha leseni yake mpaka alipe deni lote, au mpaka mahakama imruhusu alipe kidogo kidogo kwa awamu. Sheria za namna hii zingali zikitumika katika majimbo mengi ya Marekani hadi leo.

Ukitazama kusudi la mwanzo, utakuta lina wema ndani yake. Mtu aliyevunjwa mguu na gari lisilo na bima ana haki ya kuonewa huruma kabla ya dereva aliyemvunja. Lakini ni kawaida ya fimbo kwamba ikishapatikana haikosi mgongo mwingine wa kuchapa. Mwaka 1996 sheria ya taifa la Marekani iliyofanya mageuzi katika misaada ya ustawi wa jamii iliyataka majimbo yote yawe na utaratibu wa kusimamisha leseni za wazazi wasiolipa nafaka ya watoto wao, na humo zilitajwa leseni za udereva, za kazi za kitaaluma, na hata za uwindaji na uvuvi wa starehe. Baadhi ya majimbo yakaenda mbele zaidi, yakawanyang'anya leseni za udereva watu walioshindwa kurejesha mikopo ya masomo. Jimbo la Montana lilikuwa mojawapo, hadi lilipoifuta sheria hiyo mwaka 2015.

Hebu tulitafakari jambo hilo. Kijana amekopa ili asome, amemaliza masomo, hana kazi au ana kazi ya mshahara mdogo, ameshindwa kulipa. Anaishi mahali ambapo hakuna basi, na kutoka nyumbani kwake mpaka penye ajira ni mwendo wa makumi ya kilomita. Dola inamwambia: kwa kuwa huna fedha, hatutakuruhusu kwenda mahali fedha inakopatikana. Kisha, akithubutu kuendesha gari bila leseni ili asikose kibarua, anakuwa amefanya kosa la jinai. Anatozwa faini juu ya deni, na pengine anafungwa. Alianza akiwa mdaiwa, akaishia kuwa mhalifu, na anayemdai hajapata hata senti moja.

Kesi mbili za mwaka 1971

Mwaka 1971 Mahakama Kuu ya Marekani ilitoa hukumu mbili ambazo kila anayetaka kulielewa suala hili hana budi kuzijua. Zilitoka katika muda wa siku chache tu, ya kwanza mwezi Mei na ya pili mwezi Juni.

Kesi ya kwanza ni ya Bell dhidi ya Burson, kutoka jimbo la Georgia. Mlalamikaji alikuwa mchungaji wa kanisa, ambaye kazi yake ilimlazimu kusafiri kwa gari kuhudumia jumuiya tatu za vijijini. Jumapili moja alasiri ya Novemba 1968, mtoto wa miaka mitano aliyekuwa akiendesha baiskeli aligonga ubavu wa gari la mchungaji huyo. Wazazi wa mtoto wakadai fidia ya dola 5,000. Mchungaji hakuwa na bima. Sheria ya Georgia ikamtaka aweke dhamana ya fedha hizo, la sivyo leseni yake isimamishwe. Alipoomba nafasi ya kuthibitisha kwamba ajali ile haikuwa kosa lake, akaambiwa kwamba swali la nani mwenye kosa halitazamwi katika hatua hiyo. Kinachotazamwa ni kama anayo fedha au hanayo.

Ona jinsi mambo yalivyopinduka. Hapo halikuwapo hata deni, bali madai tu ambayo hayajathibitishwa mbele ya hakimu yeyote. Lau mtu yule angekuwa tajiri, angeweka dhamana asubuhi na mchana angeendelea na safari zake. Mahakama Kuu ikaamua kwamba huo haukuwa utaratibu wa haki. Ilieleza kuwa leseni ikishatolewa huenda ikawa ni kitu cha lazima kwa mtu katika kutafuta riziki yake, na kwa hiyo haiwezi kuchukuliwa kabla mwenyewe hajasikilizwa katika jambo lililo kiini cha shauri, yaani kama upo uwezekano wa kweli wa yeye kuhukumiwa kulipa. Hakuna jaji hata mmoja aliyepinga uamuzi huo.

Kesi ya pili ni ya Perez dhidi ya Campbell, kutoka jimbo la Arizona. Mume alipata ajali mwaka 1965 akiendesha gari ambalo bima yake ilikuwa imekwisha muda. Hukumu ikatolewa kwamba yeye na mkewe walipe zaidi ya dola 2,400. Hawakuwa nazo. Wakaiendea mahakama ya mufilisi, nayo sheria ya taifa ya kufilisika ikawaondolea madeni yao, pamoja na lile la ajali, ili waanze maisha upya. Lakini jimbo la Arizona lilikuwa na kifungu kilichosema kwamba hata aliyefilisika kisheria hasalimiki: deni limefutwa, ila leseni hairudi mpaka deni hilo lililofutwa lilipwe. Leseni za wote wawili zikasimamishwa, ya mume na ya mke, ilhali mke hakuwa akiendesha gari siku ya ajali.

Kwa kura tano dhidi ya nne, Mahakama Kuu ilikitengua kifungu hicho. Majaji walio wengi waliona kwamba kusudi lake halikuwa kuzuia uendeshaji mbaya, bali kumpa mwenye kudai nguvu ya kukamua malipo ambayo sheria ya taifa ilikwisha kuyasamehe. Na hata wale wanne waliopinga kuhusu mume walikubali kwamba leseni ya mke haikupaswa kuguswa.

Kesi hizi hazikuzifuta sheria zenyewe. Ziliweka mipaka miwili: asiyesikilizwa asiadhibiwe, na aliyeondolewa deni na sheria asidaiwe kwa mlango wa nyuma. Ama yule aliyesikilizwa akashindwa kesi, ambaye hajafilisika rasmi ila ni maskini tu, huyo bado hajapata mtetezi. Na huyo ndiye aliye mwingi.

Mwenye uwezo na asiye na uwezo

Hapa ndipo mafundisho ya dini yetu yanapogusa suala hili moja kwa moja, kwani Uislamu haukulichukulia deni kwa wepesi. Aya iliyo ndefu kuliko zote katika Kurani Tukufu, iliyomo katika Sura Al-Baqara, inahusu kuandikiana madeni na kuweka mashahidi. Mtukufu Mtume s.a.w. aliwahi kujizuia kumsalia maiti aliyeacha deni, mpaka mmoja wa masahaba alipojitolea kulibeba deni lile. Hakuna anayeweza kusema kwamba dini hii imewafungulia mlango wanaodhulumu haki za watu.

Lakini pamoja na uzito huo, imeweka mstari ulio wazi kati ya wadaiwa wa aina mbili. Wa kwanza ni mwenye nacho anayemzungusha anayemdai leo na kesho. Mtume s.a.w. alikuhesabu kuzungusha huko kuwa ni dhuluma, na akafundisha kwamba mtu wa namna hiyo anastahili kuaibishwa na kuadhibiwa. Wa pili ni yule aliyebanwa na shida. Huyo Kurani Tukufu, katika Sura hiyo hiyo ya Al-Baqara, inaagiza apewe muda mpaka apate wepesi, na inaongeza kuwa kumsamehe kabisa ni bora zaidi. Tena Sura At-Tauba inawataja wenye madeni miongoni mwa watu wanaostahili kupewa zaka. Yaani badala ya jamii kumnyang'anya alichonacho, inaamriwa imtie nguvu.

Imepokewa katika Sahihi Muslim habari ya mtu aliyepata hasara katika matunda aliyoyanunua, deni lake likawa kubwa. Mtume s.a.w. akawahimiza watu wamsaidie kwa sadaka. Zikakusanywa, lakini hazikufikia kiasi cha deni. Basi akawaelekeza waliokuwa wakimdai wachukue kile kilichopatikana, na kwamba hawana zaidi ya hicho. Hakumzuia mtu yule asirudi sokoni, wala hakumnyima chombo chake cha kazi ili iwe funzo kwa wengine.

Wanazuoni wengi wa sheria ya Kiislamu waliufuata mwendo huo. Walisema kwamba mdaiwa ambaye ufukara wake umethibitika hafungwi, bali huachwa aende akatafute. Na wapo, kama vile wafuasi wa madhehebu ya Imam Ahmad bin Hanbal, waliosema kwamba fundi akifilisika huachiwa zana za ufundi wake, kwa kuwa bila hizo hatalipa deni wala hatajilisha yeye na watoto wake.

Sheria ya kusimamisha leseni huufuta mstari huo. Haiulizi kwanza kama mtu ana uwezo au hana. Inauliza jambo moja tu: umelipa au hujalipa? Kwa swali hilo tajiri mkaidi na maskini mnyonge wanawekwa katika kapu moja, isipokuwa kwamba tajiri ana njia ya kutoka kapuni siku anayotaka.

Hoja za wanaozitetea sheria hizi

Ni wajibu wetu kuzisikiliza hoja za upande wa pili kwa uadilifu, kwani nazo zina uzito.

Wanasema kwanza kwamba mtu asipobanwa hatalipa. Tunajibu kwamba hilo ni kweli kwa mwenye nacho. Mtu aliyeficha mali yake akiona leseni yake inaondoka, haraka atazikumbuka fedha alizozisahau. Lakini kwa asiye nacho, kumbana hakuzai fedha. Nazi isiyo na tui, hata ukiikamua mchana kutwa, utapata jasho la mikono yako tu. Tena mwenye mali zipo njia za kuifikia mali yenyewe. Mahakama inaweza kukamata gari lake, kiwanja chake, au sehemu ya mshahara wake, na kila kimoja kati ya hivyo kitamletea mwenye kudai malipo. Leseni haiuzwi wala hainadiwi. Anayedai akishaondolewa mdaiwa wake barabarani, mfuko wake unabaki kama ulivyokuwa.

Pili, wanasema leseni ni ruhusa ya serikali, si haki ya mtu, na aliyetoa ruhusa anaweza kuiondoa. Tunajibu kwamba hata ruhusa ina sababu yake. Leseni hutolewa kwa mtu aliyethibitisha kwamba anaona vizuri, anazijua alama za barabarani, na anaweza kuliongoza gari bila kuwadhuru wengine. Iondolewe basi pale yanapoharibika hayo. Deni halimfanyi mtu asiione taa nyekundu. Serikali ikianza kutoa na kunyang'anya leseni kwa mambo yasiyohusu barabara, inaishusha leseni yenyewe, na askari anapoikagua hawezi tena kujua kama aliyeikosa ni dereva wa hatari au ni maskini tu.

Tatu, wanasema tuwahurumie walioumizwa. Hii ndiyo hoja iliyo nzito kuliko zote, nasi tunaikubali kwa moyo wote. Lakini mwenye kuumizwa haponi kwa mwenziwe kukosa kazi. Kinachomfaa ni fedha ya matibabu, na njia ya uhakika ya kuipata ni bima ya lazima. Jimbo la Massachusetts lililitambua hilo mapema, likaifanya bima kuwa sharti la kuendesha gari kuanzia mwaka 1927. Sisi katika Afrika Mashariki tunazo sheria zinazolazimisha kila gari liwe na bima ya kumkinga mtu wa tatu, ili anayegongwa alipwe na kampuni hata kama dereva hana kitu. Iwapo sheria hizo zina kasoro katika utekelezaji, na zinazo, basi juhudi zielekezwe kuzirekebisha.

Nne, ipo hoja ya nafaka. Mtoto hawezi kungoja, na baba anayekimbia watoto wake akiwa na uwezo hastahili huruma ya mtu. Tunakubali kwamba kwake hata leseni ingeweza kuguswa. Lakini hata hapa swali la uwezo haliepukiki. Mwaka 2011, katika kesi ya Turner dhidi ya Rogers kutoka South Carolina, Mahakama Kuu ya Marekani ilikuta kwamba baba mmoja alifungwa miezi 12 kwa kutolipa nafaka bila mahakama kuthibitisha kwamba alikuwa na uwezo wa kulipa, ikasema utaratibu huo haukuwa wa haki. Ikiwa hivyo ndivyo ilivyo kwa kifungo, kwa nini isiwe hivyo kwa leseni, ambayo bila hiyo baba yule hatapata hata kidogo cha kumtumia mwanawe?

Urusi nayo ilitunga sheria ya namna hii, iliyoanza kutumika Januari 2016, ikiwapa watekelezaji wa hukumu uwezo wa kumzuia mdaiwa wa nafaka na wa fidia fulani asiendeshe gari, deni likizidi rubo 10,000. Lakini watungaji wake waliweka milango ya kutokea: asizuiwe yule ambaye udereva ndio chanzo chake kikuu cha riziki, wala mlemavu, wala anayeishi mahali pasipo usafiri mwingine, wala aliyekwisha kupewa ruhusa ya kulipa kwa awamu. Hata mtu asiyeipenda sheria hiyo atakiri kwamba walioiandika walijua kuwa leseni kwa wengine ni mkate.

Aidha, hata katika madeni ya serikali yenyewe, yaani faini na gharama za mahakama, California iliacha kusimamisha leseni kwa sababu hiyo mwaka 2017, na Virginia ikafanya hivyo moja kwa moja mwaka 2020. Ikiwa dola imeiweka chini fimbo hii kwa fedha inazodai yenyewe, kuna hoja gani ya kuiinua kwa niaba ya mtu binafsi?

Jembe la mkulima na leseni ya dereva

Sasa turudi nyumbani. Sheria zetu za mashauri ya madai, za Tanzania na za Kenya, zina kifungu ambacho watu wengi hawakijui, nacho ni cha hekima kubwa. Dalali wa mahakama anapokuja kukamata mali ya mdaiwa ili kukazia hukumu, vipo vitu ambavyo haruhusiwi kuvigusa. Miongoni mwavyo ni nguo za lazima, vyombo vya kupikia na malazi ya familia. Vilevile zimo zana za fundi, na kwa mkulima, jembe lake, pamoja na mifugo na mbegu ambazo mahakama itaona anazihitaji ili aishi.

Kwa nini jembe likaachwa? Si kwa sababu halina thamani. Limeachwa kwa sababu mwenye kudai akilichukua leo, atapata bei ya jembe na kupoteza mavuno ya miaka yote ijayo. Basi tuulize: jembe la dereva wa lori ni nini? Jembe la kijana wa bodaboda ni nini? Lori si lake, na pikipiki mara nyingi ni ya tajiri wake. Zana pekee iliyo yake mwenyewe ni ile leseni iliyomo mfukoni. Ikiwa sheria inamwachia seremala randa yake, hakuna mantiki ya kumnyang'anya dereva leseni yake.

Hata hivyo tusijione kuwa tumetakasika. Sheria hizo hizo zinaruhusu kifungo cha madai, ambapo mdaiwa huwekwa gerezani na anayemdai hulipia chakula chake. Mwaka 2010 Jaji Martha Koome wa Mahakama Kuu ya Kenya aliamua kwamba kumfunga mtu kwa sababu tu ameshindwa kulipa deni la mkataba kunapingana na Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Kiraia na Kisiasa, ambao Kenya imeuridhia. Majaji wengine baada yake hawakuwa na kauli moja, na mjadala haujafungwa. Lakini swali alilolileta ni lile lile: je, huyu hataki, au hawezi?

Na nje ya mahakama hali ni mbaya zaidi. Nani asiyewajua wakopeshaji wa mitaani, wale ambao mikopo yao watu wameipa jina la kausha damu? Hao hushika kadi ya benki ya mwalimu na namba yake ya siri, na hushika kitambulisho cha mama muuza mboga. Hawakuhitaji bunge liwatungie sheria. Wamegundua wenyewe kwamba ukishika kitu ambacho mtu hawezi kuishi bila hicho, umemshika yeye mzima.

Wajibu wetu

Ndugu wasomaji, kila mmoja wetu ama anadai au anadaiwa, na wengi wetu tuko pande zote mbili kwa wakati mmoja. Kwa hiyo maneno haya yanatuhusu sote.

Anayedaiwa na anacho, alipe leo. Asingoje aitwe, asizime simu, wala asipite njia ya nyuma kumkwepa mwenzake. Kila mdaiwa mwenye uwezo anayekwepa anawaponza wale wasio na uwezo, kwa kuwa ni kwa sababu yake sheria kali hutungwa na huruma hukauka. Na asiye nacho, aende kwa anayemdai uso kwa uso, aeleze hali yake, atoe hata kidogo kwa awamu. Deni linalozungumzwa halivunji udugu.

Anayedai naye asimguse mwenzake katika chombo cha riziki yake. Kama umeshika leseni ya mtu, au kadi yake, au cherehani yake, jiulize umepata nini mpaka sasa. Mrudishie, kisha mpangiane siku ya kulipa mbele ya mashahidi, na muandikiane. Huko si kupoteza haki yako. Mtu anayefanya kazi ana la kukulipa. Uliyemkalisha nyumbani atakulipa nini?

Nao wanaotunga sheria, popote walipo, wasiige kila fimbo wanayoiona ng'ambo. Kabla ya kumwadhibu mdaiwa waweke swali moja mbele ya hakimu, nalo lijibiwe kwa ushahidi: ana uwezo au hana? Akithibitika anao na anakaidi, sheria imkamate bila aibu. Akithibitika hana, aachiwe mikono yake na zana zake, akatafute.

Mwenyezi Mungu atuepushe na deni linalotushinda, na atuepushe pia na ugumu wa moyo tunapodai. Atujalie kuwa wepesi katika kulipa na wapole katika kudai. Amin.